Huyu Si Wako

Mtoto alikuwa amelala kifuani mwake, ndipo fundi alipomsikia akilia chumbani.

Ilikuwa saa saba mchana, siku ya nne tangu watoke hospitali. Fundi aliinuka upesi, kama anavyoinuka mama yeyote mwenye kichanga, akapiga hatua mbili kuuelekea mlango wa chumba, kisha akasimama. Akainamisha macho. Mwanawe alikuwa mikononi, kinywa kimeachama kidogo, tone la maziwa kidevuni, kalala fofofo. Na kule chumbani kilio kiliendelea, kile kile chenye mkwaruzo mwishoni, kwa muda wa kumeza mate mara tatu hivi. Kisha kikakatika.

Alisukuma mlango kwa mguu. Kitanda, chandarua, beseni la nepi, cherehani kwenye kona imefunikwa shuka. Hapakuwa na mtu. Harufu tu ndiyo ilikuwepo, harufu ya maziwa yaliyochacha ndani ya kitambaa kibichi, ingawa nguo zote za mtoto zilikuwa zimefuliwa asubuhi na kuanikwa juu ya paa.

Alijiambia ni mtoto wa jirani, ukuta unapitisha sauti. Jirani wa ukuta ule alikuwa mzee mjane aliyeishi na redio yake. Fundi alilijua hilo, lakini aliliacha jibu libaki lilivyo.

Mtaa mzima walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani. Alishona sare za shule tangu akiwa msichana, na hakuwa mtu wa kutishika. Mumewe alitengeneza majokofu, aliondoka asubuhi na kurudi jioni akinuka gesi na jasho. Mama mkwe alikuwa amefika siku ile ile waliyotoka hospitali, na mkoba mmoja, kuja kusaidia mpaka mjukuu akaze shingo. Alikuwa mwanamke wa kazi. Alipika, alifua, alichemsha maji, alimkalisha mkwewe kitako na kumwambia ale kwanza mengine baadaye. Jambo moja tu hakulifanya. Hakumbeba mtoto. Alisema mikono yake mizito, angembeba akikomaa kidogo. Fundi aliliona jambo hilo geni, lakini mtu aliyekufulia nepi kumi humuulizi maswali.

Siku ya tano kilio kilirudi, saa ile ile, mama mkwe akiwa paani anaanika. Siku ya sita pia. Ndipo fundi alipomkumbuka muuguzi wa hospitali na somo lake la benchi.

Muuguzi huyo wenzake walimwita Sista Kengele, kwa ile sauti iliyofika mwisho wa ukumbi bila kupandishwa. Kila asubuhi, kabla kina mama hawajaruhusiwa, aliwakusanya kwenye mabenchi ya wodi ya wazazi akawafundisha kumwogesha mtoto, kusafisha kitovu, kumweka vizuri kwenye titi. Halafu alifunga daftari, akavuta kiti karibu, akaanza somo jingine. Aliwaambia kwamba machozi ya wiki mbili za mwanzo yanawapata wengi, nayo hupita. Yasipopita, au ikija huzuni inayomfanya mtu asitamani hata kuoga, au hofu inayokaa kifuani kama jiwe, hayo ni maradhi kama yalivyo maradhi ya tumbo, na dawa yake ipo. Wapo pia wachache, alisema, wanaosikia sauti, au wanaoshindwa kulala hata mtoto akilala, au wanaoanza kuamini kwamba mtoto si wao. Hao wasisubiri kesho. Waje siku hiyo hiyo, na wasiachwe peke yao na mtoto.

Mama mmoja alisema ugonjwa wake yeye ni mama mkwe, unatibika? Benchi zima likacheka, na Sista Kengele akacheka nao. Kisha akasema:

"Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ninyi mmeshazaa. Sasa mnaficha nini tena?"

Fundi alicheka kuliko wote. Alijiona si mtu wa mambo hayo. Kikaratasi chenye namba ya simu ya wodi alikikunja akakitia kwenye mkebe wa vifungo.

Siku ya saba, badala ya kilio, kulikuja maneno. Yalitoka nyuma ya mlango wa chumba, taratibu, na jambo lililomtisha halikuwa maneno yenyewe. Ilikuwa ni sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti anayoitumia kumpima mteja nguo, ya upole, ya kumshawishi mtu asimame wima.

"Huyu si wako," ilisema. "Wako ninaye mimi. Hukumsikia anavyokulilia?"

Alimtazama mtoto. Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja kidogo juu. Lilikuwa hivyo jana? Hakukumbuka. Akahesabu vidole vya miguu, akavihesabu tena. Jioni mumewe alipouliza habari za kutwa, alisema nzuri, kwa maana sauti ilikuwa imemwonya kabla haijanyamaza: usimwambie mtu, watakuita kichaa, watamchukua huyu na yule mwingine utamkosa pia.

Tangu hapo usingizi ulimhama. Mtoto alilala, mume alikoroma, yeye alikaa ukingoni mwa kitanda akilitazama lile sikio. Asubuhi mama mkwe alimwona macho yamevimba, akafungua kinywa kama mtu mwenye jambo, akakifunga. Akachukua ndoo akaenda kufua.

Siku ya kumi, saa saba, fundi alijikuta bafuni na mtoto begani. Hakukumbuka kuondoka sebuleni. Mbele yake lilikuwa pipa la maji, mfuniko umewekwa kando, maji yamejaa mpaka shingoni, meusi na matulivu. Sauti ilikuwa karibu zaidi ya siku zote, na harufu ya maziwa machachu ilikuwa nzito kiasi cha kumkaba, na kilio kile kilikuwa kikipanda na kushuka chumbani, mtoto anayeita na kuchoka na kuita tena, na maziwa yake mwenyewe yakaanza kumtiririka na kulowesha gauni kama yanavyofanya kwa mtoto wa kweli, na fundi akawaza kwamba mwili haudanganyiki, kwamba titi linamjua mwenyewe, basi yule anayelia ndiye, na huyu aliyemlalia begani kimya, mzito, wa moto, mwenye sikio lililojikunja, huyu ni nani?

"Mweke majini," sauti ilisema kwa upole. "Mweke majini, nami nitakupa wako."

Hakujua kama ilisema ndani ya maji au miongoni mwa majini. Labda yote mawili yalikuwa mamoja.

Simu ikaita mfukoni mwa gauni.

Aliipokea kwa mazoea tu, kama mtu anavyopokea simu za wateja katikati ya kazi. Alikuwa Sista Kengele. Wauguzi wa wodi ile walikuwa na desturi ya kumpigia kila mzazi siku ya kumi. Aliuliza kuhusu kitovu, akauliza kuhusu kunyonya, na fundi alijibu kwamba yote yanakwenda vizuri. Sista Kengele alikuwa tayari ameshika kalamu aweke alama ya vema.

"Mbona mtoto analia sana?" aliuliza. "Mnyonyeshe kwanza, mimi nitasubiri."

Kisha ikaja sauti ndogo sana.

"Sista. Wewe pia unamsikia?"

"Namsikia."

"Mtoto wangu nimempakata. Amelala."

Sista Kengele alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi. Alikuwa amekutana na kina mama waliosikia sauti, akawashika mikono, akakaa nao mpaka daktari alipofika. Kamwe hakuwahi kusikia walichokuwa wakikisikia. Nywele za kisogoni zilimsimama, na kwa nukta chache hakuwa muuguzi wa kitu chochote. Lakini kinywa kilikuwa kimezoea kazi yake. Kilimuuliza fundi yuko wapi. Bafuni. Kuna nini mbele yake? Pipa. Liko wazi?

"Lifunike," alisema Sista Kengele. "Nataka niusikie mfuniko."

Aliusikia. Akamwambia atoke bafuni, akae chini sakafuni, ukuta uwe mgongoni, na simu asiikate kwa lolote. Aliuliza nani mwingine yuko nyumbani, akaambiwa ni mama mkwe, juu paani, lakini fundi hakuweza kumwita. Kila alipotaka kuita, koo lilifunga. Basi Sista Kengele akamwambia aweke simu kwenye kipaza sauti, na kutoka kwenye chumba kidogo cha wauguzi, ng'ambo ya mji, akabisha hodi kwenye nyumba asiyowahi kuiona, kwa sauti ile iliyompa jina. Mpaka yule mzee mjane wa ukuta wa pili alizima redio.

Mama mkwe aliteremka mbio, kanga imemdondoka begani, shati bichi mkononi. Sista Kengele alimwambia kwa ufupi kwamba mkwewe anaumwa, kwamba asimwache hata kidogo, na kwamba ampokee mtoto.

"Siwezi," alisema mama mkwe.

"Mama, mpokee mjukuu wako."

"Siwezi, mwanangu. Usinilazimishe."

Sista Kengele hakubishana. Alimwambia basi aketi bega kwa bega na mkwewe na mkono wake uwe juu ya mtoto, mkono tu. Akaomba gari la hospitali, akapanda mwenyewe, akampigia mume kwa simu ya dereva, na njia nzima aliongea na wale wanawake wawili, habari za kitovu, habari za jua, chochote, ili pasiwe na kimya cha kujazwa na mwingine.

Sista Kengele alipofika, mume alikuwa ameshaingia, bisibisi bado mkononi. Fundi alikuwa pale pale sakafuni. Sista Kengele aliketi mbele yake, akamchukua mtoto, akampima joto, akamsikiliza pumzi, akaona ni mzima. Gari lilikuwa linangoja nje. Lakini aliona macho ya fundi yamekazwa kwenye mlango wa chumba, na aliinusa ile harufu, na alijua kwamba mwanamke huyu akiondoka na siri yake mdomoni, atakuwa ameondoka pia na kile kilichomo chumbani.

"Niambie ilichokwambia," alisema. "Chote. Neno kwa neno."

"Ilisema nisimwambie mtu."

"Najua. Ndiyo maana tunaanza hapo."

Fundi alianza. Alisema kuhusu kilio, kuhusu vidole alivyovihesabu, kuhusu sikio. Alisema kwa mnong'ono, bila kumtazama mumewe. Alipofika siku ya saba, kilio kilianza chumbani, na safari hii mume naye akageuka. Akanyanyuka kuufungua zaidi mlango uliokuwa wazi kidogo. Sista Kengele akamzuia kwa kiganja. Chini ya shuka lake, peke yake, cherehani ikaanza kushona, pedali ikipanda na kushuka, tak, tak, tak, kwanza polepole, kisha haraka, sindano ikitoboa hewa.

"Endelea," alisema Sista Kengele, midomo imemkauka.

"Ilisema huyu si wako," alisema fundi. "Ilisema wako ninaye mimi. Ilisema mweke majini."

Mama mkwe aliangusha shati.

"Maneno hayo hayo," alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa ameegemea ukuta, uso umemparama kama mtu aliyeitwa kwa jina na asiyemwona mwitaji. Cherehani ikaenda mbio zaidi, kilio kikawa ukelele, harufu ikajaa sebule mpaka mume akaziba pua, na mama mkwe akasema yote kwa pumzi moja, bila kituo, kama anayeogopa kwamba akivuta pumzi kitu kingine kitaingia badala ya hewa. Alisema alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa na mwanawe wa kwanza mikononi, na mume yuko safari, na sauti ilimjia mchana kwa sauti yake mwenyewe ikamwambia huyu si wako, na hakumwambia mama yake wala dada yake wala yeyote, na siku moja alimchukua mtoto akaenda naye mpaka kisimani, akamlaza kwenye ukingo wa kisima pale maji yanapotekwa, juu ya jiwe lenye utelezi, akageuka, akaondoka, hakugeuka nyuma, alitembea mpaka akafika nyumbani akaketi kusubiri apewe wa kwake, na akaketi hivyo mpaka mwanamke asiyemjua, mpita njia, alipokuja mlangoni na ndoo kichwani na mtoto mkononi.

"Alinikabidhi," alisema. "Hakuniuliza kitu. Na mimi sikusema kitu, miaka thelathini na mmoja. Sauti iliacha kusema, nikadhani imekwenda zake. Haikwenda. Ilikuwa inakaa kwangu. Mimi ndiye niliyeileta humu na mkoba wangu."

Cherehani ilisimama katikati ya mshono.

Ukelele uliokuwa chumbani ulishuka, ukawa sauti ya mtu mzima anayelia, kisha sauti ya kikongwe, kisha upepo tu unaopita chini ya mlango. Shuka lililofunika cherehani lilivimba mara moja, kama lililofunika mtu anayeinuka, likanywea. Dirisha la chumba lilijigonga. Baada ya hapo nyumba ikawa na sauti za nyumba nyingine yoyote, redio ya mzee mjane, maji yakidondoka bafuni. Hewa ilinuka sabuni.

Mume alikuwa ameiweka bisibisi sakafuni kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ilikuwa ya kioo.

"Mtoto huyo ni mimi," alisema.

Hakuwa anauliza. Mama yake aliitikia kwa kichwa.

"Mama huyo mwenye ndoo, hukumfahamu jina?"

"Sikumuuliza jina, baba. Niliona aibu."

Mume alisimama. Hakumkumbatia mama yake, wala hakumkaripia. Aliingia chumbani, pale pale ambapo dakika chache nyuma asingethubutu, akatoka na mfuko wa nepi na shuka la mkewe, akasema gari linangoja.

Mama mkwe alisema labda sasa hakuna haja ya hospitali, kwa kuwa kilichokuwemo kimetoka. Hapo Sista Kengele alimjibu kwa ukali ambao hakuukusudia. Alisema yeye hajui kilichotoka ni nini. Anachojua ni kwamba mwanamke huyu hajalala siku tatu na alisimama mbele ya pipa na mwanawe begani. Mlango ulifunguliwa na ugonjwa, na ugonjwa bado upo. Mwizi akishafukuzwa, kitasa kibovu ni lazima kitengenezwe.

"Wewe pia ingia garini, mama," akaongeza, kwa upole sasa. "Miaka thelathini na mmoja ni mingi. Daktari atataka kukusikia."

Fundi alilazwa majuma matatu. Siku za mwanzo hazikuwa nzuri. Alimkataa mtoto, alilia, aliapa kwamba dawa zimetiwa sumu. Walimletea mtoto mara chache kwa siku, muuguzi akiwa kando, na mumewe alilala kwenye kiti cha mbao mpaka mgongo ukamkaa kombo. Juma la pili alianza kulala usingizi wa kweli. Asubuhi moja alimwomba Sista Kengele kioo, akajitazama kwa muda mrefu, akasukuma nywele zake nyuma. Sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja kidogo juu.

"Miaka yote najishonea, sijawahi kujitazama," alisema, na huo ndio ulikuwa mzaha wake wa kwanza.

Mume na mama yake walichukua muda mrefu zaidi kupatana. Alimsalimia, alimpa chakula, alimpeleka kliniki, lakini hakuketi naye. Mama mkwe hakulalamika. Alimwambia Sista Kengele siku moja koridoni kwamba wakati wao hakuna aliyewaketisha benchi akawaambia kwamba kuna jambo kama hilo. Angeambiwa, labda angesema. Kisha akaenda dirisha la dawa kupanga foleni, kikaratasi chake mkononi.

Siku ile ya tukio, Sista Kengele alikuwa ameandika taarifa yake kama ipasavyo. Aliandika kwamba mzazi anasikia sauti, hajalala, ana imani potofu kuhusu mtoto, amefikishwa kwa daktari akiwa salama. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akaweka saini. Hakuandika kwamba mtoto alikuwa analia kwenye simu na yeye alimsikia. Hakuandika kuhusu cherehani. Nani angeandika? Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Mumewe nyumbani alipouliza mbona amenyong'onyea, alisema ni uchovu.

Fundi alipokwisha kuruhusiwa, ilikuja siku moja Sista Kengele akaingia stoo ya mashuka kuchukua ya vitanda viwili. Ilikuwa baada ya somo la benchi, wodi imetulia. Alikuwa akihesabu, mkono kwenye rafu, alipogundua kwamba kuna mtu anahesabu pamoja naye. Nne. Tano. Sita. Ilitoka nyuma ya rafu, mahali palipokuwa na ukuta tu, na ilikuwa ile sauti inayofika mwisho wa ukumbi bila kupandishwa.

Mashuka yalimponyoka. Yalinuka maziwa machachu.

"Umefanya vizuri kunyamaza," sauti yake ilimwambia. "Wangesema umechoka. Wangekuondoa wodini. Usimwambie mtu."

Alisimama kwa muda ambao baadaye hakuweza kuupima. Moyo ulikuwa ukimwambia kwamba sauti haikukosea, kwamba ni kweli wangemwondoa, kwamba kina mama wa benchi wangempata nani, na kila alichokiwaza kilikuwa cha busara, na ndiyo maana kikamtisha. Alitembea kinyumenyume mpaka mlangoni. Alitembea koridoni bila kukimbia, kwa sababu kina mama walikuwa wanamtazama. Akagonga mlango wa matroni.

Matroni alikuwa anakunywa chai juu ya lundo la ratiba. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyependa kupotezewa muda, na macho aliyomwinulia yalikuwa ya mtu aliyekatizwa.

Sista Kengele alifungua kinywa. Nyuma yake, koridoni, kwenye wodi ambayo watoto wote walikuwa wamelala, mmoja alianza kulia.

"Matroni," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko yoyote iliyowahi kusikika kutoka kwake. "Kuna jambo sijamwambia mtu."

Matroni alimtazama. Kisha akatazama koridoni, juu ya bega lake, kule kilio kinakotoka, na rangi ikamtoka usoni. Aliweka kikombe chini, akainuka, akafunga mlango, akavuta viti viwili vikaelekeana.

"Kaa," alisema. "Anza wewe. Halafu na mimi nitakuambia langu."